Natafuta ripoti za zamani za mradi wa maji Wanging'ombe, nimekwama sura ya pili

mjukuu_wa_Ilembula

Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa pili wa uzamili, na tasnifu yangu inahusu mradi wa maji ya mserereko, yaani yanayoshuka yenyewe bila pampu, wa Wanging'ombe, Njombe. Nimekulia kwenye maji hayo. Bibi yangu mpaka leo anaita "bomba la UNICEF" lile lililo chini ya mparachichi wake. Nataka kujua mradi ulivyopangwa: walikadiria watu wangapi, nani aliamua bomba likae wapi, wanakijiji walichimba mitaro kwa makubaliano gani.

Kwenye Google Scholar nimepata makala chache. Zote zinataja ripoti, na ripoti zenyewe sizioni. Nimekwenda ofisi moja ya serikali, nikaambiwa masijala ya zamani ilihamishwa na mafaili mengi yakalowa mvua. Nilioneshwa boksi moja: limevimba, karatasi zimegandana kama mkate uliodondokea majini. Iliniuma sana. Msimamizi wangu anasema bila nyaraka za wakati ule sura ya pili haisimami. Nyie mnaotafuta haya machapisho ya kijivu, yaani ripoti, tathmini na mipango isiyouzwa dukani wala kutoka kwenye majarida, mnaanzia wapi?

mama_masijala

Pole mwanangu. Nimetunza nyaraka za miradi maisha yangu yote ya kazi, na boksi kama hilo nimeshalilia. Nivumilie niseme kwa kirefu.

Unatafuta kwa neno Njombe. Mkoa wa Njombe umezaliwa 2012. Aliyeandika mwaka 1982 aliandika Iringa, na huko ndiko kompyuta imeiweka ripoti. Wenzako wa Kagera wanakwama hivyohivyo, maana kabla ya 1979 mkoa wao uliitwa Ziwa Magharibi, na kwenye ripoti za Kiingereza ni West Lake. Halafu kuna ile ritifaa ya ng'. Wageni waliopiga chapa waliiacha, au waliiweka mahali pasipo pake, na ukurasa ukishaskaniwa mashine nayo inausoma inavyotaka. Andika Wangingombe bila ritifaa. Andika Wanging ombe kama maneno mawili. Kisha andika majina ya vijiji kimoja kimoja, kwa tahajia ya zamani na ya sasa. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayoleta.

La pili, na hili ndilo kubwa: ripoti za namna hii humfuata aliyetoa fedha. Enzi zile serikali ilitaka maji yafike kila kijiji ifikapo 1991, na mikoa ikapata wafadhili wake. Finland walikuwa Mtwara na Lindi. Sweden walikuwa Mwanza, Mara na Kagera. Norway walikuwa Rukwa na Kigoma. Denmark wakapewa Iringa, Mbeya na Ruvuma. Mikoa ikaandaliwa mpango wa maji, na wa kwenu ulitoka 1982, majuzuu kadhaa. Ukitafuta jina la mwandishi hutalipata. Jaladani kuna kampuni: Carl Bro, Cowiconsult, Kampsax-Krüger. Tafuta kwa majina hayo pamoja na "Water Master Plan". Utafiti wa kijamii waliufanya BRALUP, taasisi ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na CDR, kituo cha utafiti wa maendeleo cha Copenhagen, na humo ndimo utakapowakuta wanakijiji wako.

Sasa nakala ziko wapi. IRC, kituo cha kimataifa cha masuala ya maji kilichoko The Hague, Uholanzi, walikusanya ripoti za maji vijijini kutoka nchi nyingi, wakaziskani, na unazishusha bure. Utazitambua kwa muhuri wa maktaba yao kurasa za mwanzo. Kwa hapa nyumbani nenda East Africana, pale maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani. Usiingie na kuuliza "mna nini kuhusu maji". Ingia na karatasi yenye jina la kampuni, mwaka na neno BRALUP, maana taasisi hiyo sasa inaitwa IRA na vijana wengi wa kaunta hawalijui jina la kale. Mkutubi ukimpa kitu cha kushika, atakushughulikia.

fundi_mserereko

Mama kamaliza, naongeza dogo. Kwenye Google weka filetype:pdf mbele ya maneno yako, na kwa nyaraka za serikali weka site:go.tz. Kiungo kikiwa kimekufa, kibandike kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, kabla hujakata tamaa. Na chochote ulichokipata kishushe siku hiyohiyo. Tovuti ya USAID ilizimwa Februari 2025, na watu waliokuwa wamehifadhi viungo tu wakabaki na viungo.

Lingine, ripoti ya kumaliza mradi isome ukijua imeandikwa na aliyelipwa kuujenga. Itafute na ile ya tathmini ya miaka ya baadaye, uziweke pamoja. Moja itahesabu mabomba yaliyojengwa, nyingine itahesabu yanayotoa maji.

sura_ya_tano

Dada au kaka, andika daftari la utafutaji tangu leo: tarehe, mahali, maneno uliyoandika, ulichopata, hata pale ulipokosa. Mimi sikuandika, na kwenye utetezi niliulizwa nilitafutaje nikababaika. Nililazimika kurudia wiki tatu za kazi.

mjukuu_wa_Ilembula

Shikamoo mama, na asanteni wote. Nilikesha. Kwa "Wangingombe Iringa" nimepata ripoti mbili zenye muhuri wa The Hague, moja imeskaniwa ubavu, ikabidi nigeuze simu. Asubuhi nimempigia bibi nikamsomea majina ya vijiji yalivyoandikwa. Akanisahihisha matatu, na kimoja akasema si kijiji, ni mto. Nimeyaandika yote kwenye daftari pamoja na tarehe.

Ramani hazimo, zinatajwa kwamba ziko juzuu la peke yake na silioni mtandaoni. Jumatatu napanda basi la Dar, nina karatasi yangu ya East Africana. Mama, ramani kubwa za kukunjwa huwa wanaziweka na vitabu, au niulize chumba kingine?

mama_masijala

Marahaba mwanangu. Uliza kabati la ramani, mara nyingi huchomolewa kwenye jalada zikalazwa peke yake. Ukizikuta, omba meza pana, na usizikunjue kwa haraka, pale kwenye mikunjo ndipo zinapochanika.