Waliowahi kushona kofia ya mkono, tupeane uzoefu (wageni karibuni)

Barazani: Asalaam alaykum. Hapa mtaani kwetu Unguja tumejiwekea kazi: kofia 30 za mkono za watoto wa madrasa, wazivae Maulidi. Mmoja anachukua duara la juu, mwengine ukanda wa pembeni, kisha tunaunganisha. Tuko wanane tu. Wengi wanaviogopa vile vitobo, wanasema vitawamaliza macho. Nyinyi mlianzaje?

Sandukuni: Umenikumbusha mbali. Nilikuwa na miaka 19, nataka baba avae kofia yangu Idi. Kichwa chake nilikipima kwa uzi, nikapiga fundo, nikauweka ndani ya msahafu usipotee. Miezi minne nashona usiku watu wakilala. Unatoboa kwa sindano nene, unazungushia uzi mpaka mdomo wa kitobo ukaze, unahamia cha pili. Usiku wa kuamkia Idi nikaifua, nikaitia wanga, nikaivika kwenye kopo la maziwa ikauke.

Asubuhi ikagoma kushuka kichwani. Imekaa utosini kama kifuniko. Kile kitambaa cha marekani sikukirowesha kabla ya kukata, kikarudi, kikanywea chote siku ile moja. Baba hakusema neno. Alikwenda kusali kavaa kofia yake kuukuu, yangu kaishika mkononi. Nilijifungia chooni nikalia.

Alifariki miaka sita baadaye. Tunafungua sanduku lake tugawe nguo, nikaikuta imefungwa kwenye gazeti, wanga umegeuka manjano. Ndani yake mna ule uzi wa kipimo, na fundo lake. Sijui aliutoa lini kwenye msahafu.

Mpemba wa Wete: Allah amrehemu. Nimesoma hii nikiwa kwenye daladala, machozi yananitoka mbele za watu.

Kidotu: Amin. Jamani, marekani iroweshwe usiku kucha kabla ya mkasi!

Cherehani Moja: Si lazima. Kata kubwa kwa upana wa kidole, yatosha. Na siku hizi mashine inatoa kofia kwa siku moja, mtoto atajua tofauti gani?

Kidotu: Atajua jua likiwaka. Hizo nyingi ni uzi tu juu ya kitambaa, upepo haupiti. Usituletee hapa.

Cherehani Moja: Nalisha watoto wanne kwa hiyo mashine. Usidharau kazi ya mtu.

Kidotu: Sijaidharau. Nimesema upepo.

Mjukuu wa Maskati: Huku Omani tunaiita kumma, vitobo ni vile vile. Bibi yangu alikuja kutoka Unguja baada ya 1970, Sultani Qaboos aliposhika nchi, na sindano hakuiacha mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Mimi alinianzishia kwenye kitambaa kibovu, vitobo ishirini. Anakinyanyua dirishani: mwanga ukipita mviringo, kakubali. Ukipita kama punje ya mchele, fumua. Wageni wapeni kitambaa kibovu kwanza.

Shangazi Nuru: Napinga. Kitambaa kibovu mtu hukitupa siku ya pili, mimi nilikitupa. Mpe ukanda wa kofia ya kweli, na mwambie ni ya mtoto gani. Hapo hatolala mpaka aumalize.

Mpemba wa Wete: Na kastabini vaeni. Dole langu la kati lilitunga usaha wiki nzima.

Kidotu: Kastabini inaziba kidole, husikii sindano. Subiri sugu.

Mgeni Kabisa: Mimi nimefuma vitambaa vya makochi tu, darasa la sita, somo la sayansi kimu. Tena ni mwanamume. Nije?

Shangazi Nuru: Lamu nimewaona wanaume wanashona kofia barazani mchana kweupe. Nenda, mwanangu.

Barazani: Njoo Jumamosi baada ya alasiri, sindano na uzi vipo. Sandukuni, na wewe ilete ile kofia. Tunaweza kuufumua ukanda tukautia kiraka cha ndani, ikapata kichwa cha mtu mzima.

Sandukuni: Nitakuja, na nitachukua maduara mawili. Ile nitaileta muione tu. Kufumua, hapana.