Wakala amekula pesa yetu, na ombi letu la hataza ya AR limeandikwa kama tangazo la duka la makochi

Wadau, pole zenu sitaki. Nataka mnisome mpaka mwisho, hasa nyinyi mnaotengeneza programu za simu hapa Nairobi na mmeshaanza kuambiwa "tafuteni hataza (patent) kabla hamjaibiwa". Wakala tuliyemlipa atuandikie ombi la hataza simtaji jina. Ofisi iliyolikagua ombi na kutuandikia ripoti siitaji pia. Yaliyotendeka nitayasema.

Tunatengeneza programu ya AR, ile teknolojia ya kuweka kitu cha kompyuta juu ya picha ya kamera kionekane kiko pale pale ulipo. Wateja wetu ni mafundi wa makochi, wale wa Ngong Road na wengine wa Gikomba. Mnunuzi anaelekeza simu sebuleni kwake, analiona kochi likiwa limekaa penye nafasi yake, anazunguka kuliangalia ubavu, ndipo anatoa arbuni. Mpaka hapo hakuna jipya, na hatujawahi kudai kuna jipya. IKEA, wale wauza fanicha, walitoa yao 2017, mwaka ule ule Apple walipoleta ARKit na Google wakatangaza ARCore, zana zao za kutengenezea programu za AR.

Sasa sikilizeni. Kuliweka kochi kwenye skrini ni kazi ya mchana mmoja. Kazi yenyewe ni kochi LIKAE. Ukisogeza simu, kochi libaki chini ya dirisha, lisitembee kuelekea jikoni. Simu za bei kubwa hufanya hivyo kwa kuchanganya kamera na gairoskopu, kile kihisi kinachopima simu inavyogeuka. Simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa Luthuli Avenue hazina gairoskopu. ARCore yenyewe haikubali simu yoyote tu, ni zile ambazo Google wamezipima kamera na vihisi na kuziidhinisha. Waliocheza mchezo wa simu wa Pokémon Go 2016 kwa simu za bei nafuu wanajua: mdudu ulimwona kwenye ramani, lakini ukitaka kumwona amesimama barabarani mbele yako, simu inakugomea.

Mteja wa fundi wa Gikomba ana simu ya aina hiyo. Ina aksileromita, inayojua chini ni wapi. Ina dira ya sumaku, kama una bahati. Na dira hiyo, ingia nayo kwenye nyumba ya Nairobi, yenye vyuma kila dirisha, mlango wa chuma, friji pembeni. Ukikaribia dirisha sindano inayumba na kochi linageuka lenyewe, linampa mteja mgongo. Tumeliona hilo kwenye nyumba za watu mpaka tukachoka.

Dawa tuliyoipata iko sakafuni. Nyumba nyingi hapa zina vigae vya mraba, na mistari yake inakwenda pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba. Kamera ikiipata ile mistari na kuona inakoelekea kukutana kwa mbali, unaweza kukokotoa simu imeelekea wapi ukilinganisha na sakafu, bila gairoskopu. Sisemi tumevumbua hesabu hiyo, ni ya zamani na iko vitabuni. Chetu ni utaratibu wa kuamua nani aaminiwe na lini: dira ikiruka na mistari ya vigae haijaruka, programu inaitupa dira na kushika mistari, mistari ikipotea kwa sababu mtu ametupia zulia, inarudi kwa dira ila kwa kiwango kilichosahihishwa wakati vigae vilipokuwa vinaonekana. Juu ya hapo, kamera moja haijui ukubwa wa kitu, basi mteja anachagua kigae chake ni cha sentimita 30, 40 au 60, na kochi linakuja kwa kipimo chake halisi. Utaratibu huo wote, hatua kwa hatua, na michoro yake, na mifano ya namba, tulimpa wakala kwenye karatasi na kwenye barua pepe. Alipokea. Akajibu "safi sana".

Nimekiona mwaka huu kile alichowasilisha. Madai ndiyo sehemu ya ombi inayosema unataka kulindiwa nini hasa. Dai la kwanza, ukiliweka kwa Kiswahili, linasema hivi: mfumo wa kuonyesha fanicha kwenye kifaa cha mkononi, wenye kamera, skrini, na programu inayoweka sura ya fanicha juu ya picha ya chumba. Basi! Madai yanayofuata yanasema fanicha inaweza kuwa kochi, meza au kitanda. Kuna dai zima la rangi ya kitambaa. Vigae? Sifuri. Dira? Imetajwa mara moja kwenye maelezo, "simu inaweza kuwa na vihisi mbalimbali". Michoro yetu ya mistari ya sakafu haimo. Badala yake kuna picha ya simu na mkono umeishika. Ni kama fundi aliyebuni breki mpya umwandikie ombi la hataza ya gari linalobeba abiria.

Kwa hiyo ripoti ya ukaguzi ilipokuja, ilikuja na nyundo mbili. Ya kwanza: yanayodaiwa si mapya, yapo tangu zamani, na mkaguzi akaweka nyaraka za miaka ya nyuma ambazo zina kila kitu kilichomo kwenye dai la kwanza. Hapo nitamlaumu vipi? Programu ya Layar ilikuwa inabandika vitu juu ya picha ya kamera ya simu tangu 2009. Ya pili ndiyo iliyonichoma: kwamba hata kama lingekuwa jipya, hili ni suala la kuonyesha taarifa tu, kitu ambacho Sheria yetu ya Mali ya Viwanda ya 2001, kifungu cha 21, inakitoa kwenye orodha ya uvumbuzi, pamoja na nadharia za sayansi, mbinu za hisabati na kanuni za michezo.

Na hapa mkaguzi naye nina neno naye. Ripoti ina sentensi inayosema kwa jumla kwamba vipengele vya AR kwenye simu ni namna ya kumwonyesha mtumiaji picha. Kwa jumla! Hiyo si kazi ya ukaguzi. Kila AR huishia kwenye picha, kama vile kila redio huishia kwenye sauti, lakini swali ni kilichofanyika kabla ya picha kutokea. Vihisi vilisomwaje? Kosa la kipimo lilirekebishwaje? Huko Marekani, ambako tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Alice wa 2014 maombi ya programu yamekuwa yakikataliwa sana kwa kuitwa mawazo matupu, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema 2017 kwenye kesi ya Thales Visionix kwamba kuvipanga vihisi vya mwendo kwa namna isiyo ya kawaida, kimoja kwenye kofia ya rubani na kingine kwenye chombo anachoendesha, na kupima kimoja kwa kukilinganisha na kingine, si wazo tupu. Rubani naye mwishowe anaona picha tu mbele ya jicho lake. Ulaya nao wana katazo kama letu la kuonyesha taarifa, lakini wanauliza kama kuna tatizo la kiufundi lililotatuliwa kwa njia ya kiufundi. Swali hilo hatukuulizwa. Sawa, ombi lenyewe halikuwa na chochote cha kumfanya mtu aulize, na ndiyo maana narudi kwa wakala.

Nilimpigia. Akacheka, akasema hiyo ni ripoti ya kawaida, "tutarekebisha madai". Rekebisha kwa kutumia nini? Marekebisho hayaruhusiwi kuvuka yale yaliyofichuliwa kwenye ombi la mwanzo. Kama utaratibu wa vigae haumo kwenye maelezo wala michoro ya siku ya kuwasilisha, huwezi kuuingiza leo kwa mlango wa nyuma. Nikamuuliza hilo. Kimya, halafu: "Basi tutawasilisha ombi jipya." Kwa ada mpya, bila shaka.

Ombi jipya nalo lina shimo, na shimo hilo alilichimba yeye. Alipowasilisha la kwanza alituambia, na barua pepe ninayo: sasa mko salama, tangazeni. Tukatangaza. Tukaweka video inayoeleza jinsi vigae vinavyosaidia, mistari imechorwa rangi nyekundu na bluu, wazi kabisa. Sheria ya Kenya humpa mvumbuzi miezi 12 tangu alipokifichua kitu mwenyewe. Akiwasilisha ndani yake, ufichuzi wake hauhesabiwi dhidi yake. Miezi hiyo imepita tukiwa tunasubiri ripoti ya ombi lisilo na uvumbuzi wetu ndani. Ulaya hata hiyo miezi 12 hawana, ukitangaza leo kesho umechelewa. Kwa hiyo kizuizi kikubwa cha ombi letu jipya kitakuwa video yetu wenyewe. Tarehe ya kuwasilisha inalinda kilichoandikwa kwenye ombi, hailindi kilichomo kichwani mwako wala kilichobaki kwenye barua pepe ya wakala, na mtu aliyesajiliwa kufanya kazi hii anajua hilo kabla ya kunywa chai ya asubuhi.

Nyongeza, kwa sababu naona maswali yanajirudia:

Anayesema tungekwenda hakimiliki badala ya hataza: msimbo (code) wa programu yetu unalindwa tayari kama kazi ya maandishi. Hakimiliki haizuii mtu kuandika msimbo wake kwa lugha nyingine afanye utaratibu ule ule. Tulichotaka kulinda ni utaratibu.

Anayesema tuombe cheti cha modeli ya matumizi, kile cha miaka 10: ndiyo, masharti yake ni mepesi kuliko ya hataza ya miaka 20, lakini upya bado unatakiwa. Rudi usome habari ya video.

Aliyeandika "mngesoma wenyewe kabla ya kutia sahihi": rasimu tuliiomba. Tukaletewa ukurasa wa muhtasari na fomu ya kumteua wakala, tukaambiwa mengine ni lugha ya kisheria. Wewe ukienda kung'olewa jino huwa unakagua koleo?

Aliyeniandikia pembeni kwamba wakala wake pia alimwekea picha ya simu na mkono umeishika: tafadhali nitumie. Nataka kuona kama ni mkono ule ule.

Ninachotaka kutoka kwenu ni viwili. Kama kuna mtu amewahi kumshtaki wakala kwa uzembe wa kuandika madai akafika mahali, aniambie alianzia wapi. Na kama unamjua wakala aliyesomea uhandisi, anayeweza kukuuliza "dira ikiyumba programu inafanya nini?" kabla ya kukuuliza M-Pesa yako ni ngapi, mtaje. Kuna sehemu moja ya kazi yetu, ile ya zulia, ambayo haikuonyeshwa kwenye video, na hiyo bado tuna haki nayo.

Na wewe wakala, najua unapita hapa. Ada ya kujibu ripoti hatulipi. Tunataka faili letu lote, na michoro yetu yote, na usituambie tena mashine ya fotokopi imeharibika.