Ukulele ya kale ifungwe nyuzi gani: utumbo, nailoni au fluorokaboni?

Wadau, hili tulichambue vizuri, maana kila anayepata ukulele (gitaa dogo la nyuzi nne) ya miaka ya 1920 huuliza swali lile lile: nifunge nyuzi gani ili ilie kama zamani? Majibu anayopewa yamegawanyika. Kuna wanaoshikilia kwamba bila utumbo wa kondoo hakuna sauti ya kale, mengine yote ni maigizo. Wengine wanasema weka fluorokaboni, uzi wa plastiki wa kisasa, uachane na usumbufu, utumbo zama zake zimepita. Mimi naona pande zote mbili zinaanzia mahali pasipo. Sauti ya kale inaanzia kwenye tyuni, yaani noti ambazo kila uzi unakazwa kuzitoa. Uzi unachaguliwa baadaye, kwa kuifuata tyuni hiyo.

Watu wa utumbo niwape haki yao kwanza. Mwaka 1879 meli ya Ravenscrag iliingia Honolulu, Hawaii, na Wareno kutoka Madeira, miongoni mwao mafundi Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, na mikononi mwao kikazaliwa chombo hiki. Maonyesho ya San Francisco ya mwaka 1915 yakakipeleka Marekani bara, na muda si muda viwanda kama Martin vikaingia kazini. Miaka yote hiyo uzi ulikuwa utumbo. Hapo hakuna ubishi.

Lakini zilityuniwaje? Chukua karatasi za muziki za miaka ya 1920, zile zenye vijichoro vya kodi ("chords", noti zinazopigwa pamoja) juu ya mistari, ambazo mpigaji ukulele May Singhi Breen alifanya kazi kubwa kuzieneza. Nyingi zimeandikwa kwa A, D, F-shapu, B, yaani toni nzima juu ya G, C, E, A tunayoitumia leo. Toni moja inaonekana ndogo mpaka upige hesabu: uzi ule ule, urefu ule ule, mvuto unapanda kwa takriban asilimia 26. Kwenye soprano, ukulele ndogo ya kawaida, ambayo uzi wake una kama sentimita 34 tu kutoka kizingiti (kipande chenye mifereji ya nyuzi juu ya shingo) hadi daraja (kipande kinachoshika nyuzi kwenye ubao wa mbele), tofauti hiyo unaisikia papo hapo. Ubao wa mbele unaamka, noti inatoka haraka na inakatika haraka. Ule mlio mfupi wenye makali ndio watu wanaoutafuta wanaposema "sauti ya zamani". Funga utumbo halisi wa bei mbaya kisha utyuni G, C, E, A, na uzi wa C utaguna tu, umelegea, hauna neno.

Sasa nyuzi zenyewe. Tofauti yake kubwa ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya nailoni ina kama gramu 1.15, utumbo kama 1.3, fluorokaboni kama 1.78. Ukitaka noti ile ile kwa mvuto ule ule, uzi mzito lazima uwe mwembamba: fluorokaboni itakuwa nyembamba kuliko utumbo kwa karibu asilimia 15, na nailoni itakuwa nene kuliko utumbo kwa kama asilimia 6. Wembamba huo ndio unaoipa fluorokaboni ung'avu wake na noti inayokaa hewani muda mrefu. Ni sauti nzuri, na kwenye ukulele mpya siikatai hata kidogo. Ila kwa kazi tunayoizungumzia, noti isiyotaka kufa ni kinyume cha kinachotafutwa.

Na nailoni je? Wengi wanaidharau, wanaiona uzi wa kisasa wa bei rahisi. Hapa napinga kwa nguvu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili utumbo ulihitajika kwa nyuzi za kushonea majeruhi, na baada ya vita nailoni ikashika nafasi. Wimbi la pili la ukulele, lile la mtangazaji Arthur Godfrey kwenye televisheni na ukulele za plastiki za Mario Maccaferri, lilipigwa kwa nailoni. Kwa hiyo mtu akisema "kale", aseme kale ipi. Ukulele ya mwaka 1950 ukiifunga utumbo umeitoa kwenye zama zake.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha. Wengi wetu sauti ya kale tumeijua kupitia rekodi za wapigaji ukulele Cliff Edwards, Roy Smeck na wenzao. Kabla ya mwaka 1925 rekodi zilifanywa kwa pembe ya kukusanyia sauti, bila maikrofoni, na pembe ile iliacha nje sehemu kubwa ya sauti za juu kabisa na za chini kabisa. Sehemu ya sauti unayoikimbiza ni ya mtambo, na hakuna uzi utakaokupa. Mtu abadilishe seti baada ya seti akitafuta kitu ambacho hata chumbani kwa Edwards mwenyewe hakikusikika hivyo!

Kwa vitendo, kabla ya kununua chochote angalia mifereji ya kizingiti. Kwenye ukulele ambayo haijaguswa, ilichongwa kwa unene wa utumbo. Nailoni nene ya C ikikalia juu ya mfereji badala ya kuzama ndani, usichukue tupa ukapanua, badilisha uzi. Kizingiti cha asili kikishaliwa hakirudi. Daraja nyingi za Martin zina mpasuo mdogo ambamo fundo la uzi linajificha, na uzi mwembamba unaoteleza huchomoka hapo, kwa hiyo piga fundo mara mbili kabla ya kukaza. Nyuzi za chuma usiziweke kabisa, zinaweza kung'oa daraja.

Chaguo langu ni nyuzi za sanisi (za kiwandani, si za mnyama) zilizotengenezwa kwa uzito wa utumbo, kama Nylgut ya Aquila, au nailoni nyembamba, zikityuniwa A, D, F-shapu, B, na kupigwa kwa kidole au kipande cha felti. Utumbo halisi unafyonza unyevu, unashuka na kupanda hewa ikibadilika, na uzi wa kwanza unaanza kutoa vinyweleo kisha unakatika.

Wa utumbo, nijibuni hili: mkifunga utumbo kisha nyuzi hizo za sanisi kwenye chombo kimoja, tyuni hiyo hiyo, mvuto huo huo, na mpigaji akiwa nyuma ya pazia, mtazitofautisha kwa kusikiliza tu? Na wa fluorokaboni, mnaifanyaje noti ife mapema bila kuiziba kwa kiganja?