MJADALA: Majumba ya Serikali na ya Wakfu Mji Mkongwe wa Zanzibar, yageuzwe hoteli au yabaki ya wakaazi?

Jamani wa mjini, na nyie mliohamia Fuoni na Kisauni lakini roho bado ziko Kiponda, njooni tuliseme hili. Kila nikipita Mkunazini au Hurumzi siku hizi nakuta jumba jengine mlango umepigwa msasa, vijana wanapandisha magodoro mapya ngazi kwa ngazi, basi ushajua hiyo si nyumba ya fulani tena, ishakuwa gesti. Na barazani lawama zote anabebeshwa mwenye nyumba, ati kauza mji kwa wazungu.

Mimi naona lawama hiyo inapelekwa siko. Nyumba ya mtu binafsi ina warithi chungu nzima, mmoja yuko Muscat, mmoja Dar, mmoja Canada hapokei hata simu, dari inavuja, boriti za mikoko zishaliwa na mchwa, fundi wa chokaa anataka chake na chokaa yenyewe lazima ilowekwe muda mrefu ndo ipakwe, sasa nani atatoa pesa? Huyo akikodisha kwa mtu wa hoteli mimi simnyooshei kidole. Lakini mjini hapa kuna majumba mengi ambayo mwenyewe si mtu mmoja. Kuna yaliyochukuliwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 yakatiwa wapangaji, na kuna ya Wakfu, yako chini ya Kamisheni ya Wakfu, wazee waliyaweka kwa ajili ya misikiti, vizazi vyao na maskini. Hayo ndo ninayoyasemea. Yasitolewe kwa hoteli hata moja. Wakae watu.

Mji umeingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000 na tangu hapo mazungumzo yetu ni mlango, dirisha, roshani, baraza. Usipige saruji juu ya chokaa, usitie dirisha la alumini. Sawa, na la saruji ni kweli tupu, mana inafungia unyevu ndani ya ukuta wa mawe na ukuta unaoza huku nje unaonekana umependeza. Ila ndani analala nani, hilo silisikii likiulizwa.

Halafu watu wanasema hoteli ndo zinazookoa majumba. Baadhi zinaokoa kweli, sikatai. Lakini tuangalieni jumba lililojengwa na choo kimoja kule nyuma uani, leo kila chumba kina bafu lake, mabomba yamepitishwa ukutani, juu darini simtanki zimepangwa safu na kila moja ikijaa ni tani ya maji, na chini ya hayo yote ni boriti za mikoko. Bomba likianza kutoa maji hajui mtu mpaka jirani wa pili aone ukuta wake umetoka jasho na chokaa inamong'onyoka kwenye kitanda cha mtoto. Nimeuona ukuta huo kwa macho yangu, ukitia kidole kinazama.

Na msikiti jirani, Alfajiri safu haijai. Walionunua mkate wa asubuhi wamehama, muuza mkate naye kahama. Akifa mtu, wa kubeba jeneza wanapigiwa simu waje kutoka shamba. Mgeni wa siku tatu hana kosa, lakini hazikani.

Haya, semeni.

Mrithi wa Malindi: Wewe unasema hivo kwa sababu hulipii. Kodi za wapangaji wa Wakfu na Serikali nyingi ni za kizamani, ukikusanya za jumba zima mwaka mzima hununui hata boriti za chumba kimoja. Ndo mana yanaanguka kila masika. Beit al-Ajaib yenyewe, jumba la Sultan Barghash la 1883, tena lilikuwa kwenye matengenezo kwa pesa za Oman, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Kama lile limeshindikana, jumba la Wakfu la wapangaji masikini litasimamishwa na nini, dua? Mpeni mwekezaji alitengeneze.

Mpanda Vespa: Mie nilizaliwa Soko Muhogo na nimehama kwa raha zangu, hakunifukuza mtalii. Gari sina pa kuweka, mafuriko ya choo kila mvua, mama magoti yanamuuma na ngazi ni kama za mnara. Tusijifanye kila mtu anataka kukaa mjini.

Mtembeza Wageni: Naunga mkono aliyeanzisha, kwa sababu ya tumbo langu. Mgeni haji kuangalia mgeni mwenzake. Anataka aone watoto wanakwenda chuo cha Kurani na juzuu zao, wazee wanapiga bao na kahawa Jaws Corner. Nikishawatoa hapo vichochoro vyengine nimebaki na maduka ya vinyago tu na papasi, wale wanaowinda wageni njiani, wananivuta shati.

Aliyeanzisha: Mrithi, hoja yako ya pesa ndo nzito na sitaki kuikwepa. Lakini jibu liko kwenye majumba yenyewe. Pita njia ya Hurumzi uangalie yale ya wafanyabiashara wa Kihindi yalivyojengwa, chini duka, juu wanakaa watu. Basi Wakfu na Serikali wakodishe chini kwa bei ya soko, mkahawa, duka la vitambaa, ofisi ya utalii, mana mjini duka moja la njiani lina pesa, na pesa hiyo ifungwe kwa jumba hilohilo, isiende kwenye mfuko mkubwa ikapotea. Juu wapangaji walipe kodi ya kweli kidogo, si ya kizamani, na asiyekaa mwenyewe akapangisha kwa siri kwa wageni atolewe, mana hao wapo na tunawajua.

Na habari ya kumpa mwekezaji, jumba la Mambo Msiige Shangani lilikuwa la Serikali, lilikuwa na maofisi, likatolewa likawa hoteli kubwa na UNESCO wakalalamikia ujenzi wake. Jengo limesimama, zuri, kweli. Nani kati yetu anaingia humo?

Vespa, hajakulazimisha mtu urudi ndugu yangu. Nazungumzia wanaotaka kubaki na wale vijana wanaofanya kazi hotelini hapahapa mjini halafu usiku wanatafuta daladala ya mwisho kurudi Mwanakwerekwe. Hao ukiwapa vyumba viwili vya juu, mlango wa chini mkahawa, watakataa?

Mrithi wa Malindi: La duka chini nakubali. La pesa kufungwa kwa jumba hilohilo nitaliamini nikiona risiti imebandikwa mlangoni.

Aliyeanzisha: Ibandikwe. Na mimi nataka hivohivo.