Mrejesho: Kaka yangu, miaka 6 baada ya jeraha kali la ubongo

Miezi 8 iliyopita niliwaomba ushauri kuhusu kaka yangu, ambaye alipoumia kichwa alipata alama 5 katika kipimo cha Glasgow cha kupima kiwango cha fahamu (8 kushuka chini huhesabiwa kuwa jeraha kali), na ambaye bado alikuwa akisahau dawa za kifafa, akichoka kabla ya adhuhuri na kutufokea kwa jambo dogo. Nawashukuru nyote kwa dhati.

Tulianza na daftari moja, lililofungwa kwa kamba kwenye kitasa cha mlango wa chumba chake. Kila anapomeza dawa huweka alama ya vema kwa mkono wake, na tangu hapo ameruka dozi mara 2 tu. Mapumziko ya nusu saa kabla uchovu haujamzidi, wala si baada ya kuzidiwa, yamepunguza hasira kuliko tulivyotarajia, nami sasa naamini kwamba tulichokiita ukorofi kilikuwa ni ubongo uliochoka. Kurudi kazini kwa nusu siku hakukufaulu: kelele zilimshinda ndani ya wiki 3. Harufu pia bado hazisikii.

Uliyenisihi nipokezane zamu na dada yangu ili nami nilale, Mungu akubariki; nilipuuza mwanzoni, nikakosea.