Ujumbe unasema "clear". Ni-clear nini?

Kutoka: Mama Salma, South B

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Naombeni msaada wa haraka. Mimi ni Mtanzania, na Klasi D yangu, kibali changu cha kufanya kazi hapa Kenya, inaisha tarehe 14. Maombi ya kuhuisha niliyawasilisha mapema, risiti ninayo. Juzi saa nne asubuhi ukaingia ujumbe kwenye simu, kutoka ofisi ambayo jina lake silitaji: "Kindly clear before collection." Basi. Hakuna kiasi, hakuna chumba, hakuna jina la mtu wa kumwona. Nimekwenda, nimesimama foleni mpaka saa saba. Kijana wa dirisha la tatu akaishika simu yangu, akaisoma, akanirudishia: "Mama, si u-clear tu." Akaita wa nyuma yangu.

Nimefundisha miaka kumi na moja, Kiingereza nakijua. Lakini usiku huu sijalala. Nilipe? Nifute maombi? Au ndiyo naambiwa niondoke nchini? Salma ana mtihani mwezi ujao.

Kutoka: Baba Imani, Donholm

Pole sana dada. Hiyo ni kodi, usihangaike kwingine. Mwaka juzi mimi nilikwama hivyo hivyo, kumbe walitaka TCC, cheti cha kuthibitisha kwamba sidaiwi kodi. Watu wengi wanadhani mwajiri akikata PAYE, kodi ya mshahara, kila mwezi yamekwisha. Hayajaisha. Chukua P9, fomu ya mshahara na kodi iliyokatwa, kwa mwajiri, ingia iTax, tovuti ya kodi, na PIN yako, wasilisha ritani mwenyewe kabla ya 30 Juni. Ukichelewa, faini kwa mtu binafsi ni 2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa. "Clear" maana yake lipa deni.

Kutoka: Hamisi, Eastleigh

Baba Imani, si kila neno ni kodi. Mimi nina miaka tisa kwenye biashara ya vitenge na "clear" nalisikia kila wiki: ni kutoa mzigo forodhani. Mwezi wa pili nimelala Namanga usiku mzima, marobota sita, kwa sababu fomu moja haikugongwa muhuri. Baridi ile ya Namanga saa tisa usiku, umekaa juu ya robota, naijua mimi.

Kutoka: Baba Imani, Donholm

Kaka Hamisi, dada ameleta mzigo gani? Soma barua kabla ya kujibu.

Kutoka: Hamisi, Eastleigh

Nimesoma. Nimesema neno lina maana nyingi. Na wewe hujui kama anadaiwa.

Kutoka: Mwl. Rashidi, Pangani

Vijana, tulieni. Mama Salma, kwanza nikuondolee hofu. Hufukuzwi. Kiingereza kikitaka kukufukuza kitasema "clear off" au "clear out". Ujumbe wako hauna vijineno hivyo.

Asili yake ni Kilatini, clarus, kitu cheupe, cheupe kwa maana ya mwanga. Likapita Kifaransa cha kale, likafika Uingereza. Kutoka mwanga likawa njia isiyo na kizuizi, na kuanzia hapo chochote kinachokuziba kinaweza kuwa shamirisho lake, yaani kile kinachotendwa. Mahakama iki-clear mtu, ameachiwa huru. Hundi iki-clear, pesa zimeingia. Mrukaji aki-clear mwamba, ameuvuka bila kuugusa. Uki-clear koo, umekohoa. Msitu, umefyeka. Meza, umeandua. Kiswahili kina kitenzi kwa kila moja, na nafurahi kwamba hatulazimiki kubeba yote kwenye mfuko mmoja.

Sasa hapa Nairobi neno linasimama peke yake. Kijana "ame-clear", yaani amemaliza shule. Mwanangu alipomaliza kidato cha nne alipewa karatasi yenye visanduku vya sahihi: maktaba, bweni, michezo, bohari, mhasibu. Kilibaki kisanduku kimoja kwa ajili ya kitabu cha Kemia. Tulikinunua Mtaa wa River Road, akarudi, ikagongwa muhuri. Ile safari nzima ya sahihi ndiyo wanaiita "clear". Nadhani na wewe kuna kisanduku hakijajazwa. Kipi, ujumbe ulipaswa kusema. Kumpa mtu kitenzi bila shamirisho, halafu kumwekea tarehe, ni kumtesa.

Kutoka: Dada Neema, Kasarani

Mwalimu ahsante. Ila isije ikawa ni cheti cha mwenendo mwema, nacho wanakiita "clearance". Mimi nililipa 1,050 kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikachapisha C24, fomu ya alama za vidole, nikapigwa alama za vidole.

Kutoka: Baba Imani, Donholm

Hicho ni nomino, Neema, si kitenzi. Na mimi nauliza: Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu 1 Julai 2010, mbona Mtanzania bado anazungushwa na kibali Nairobi? Tena Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ujumbe ule ungeandikwa "lipa" au "leta", Mama Salma angelala.

Kutoka: Bi Mwanaidi, Kariokor

Wanangu, Mwalimu amenigusa aliposema juu ya mwanga. Kwetu Pangani, Pangani ya Tanga, mvua ikikatika bibi alitoka kibarazani akasema, "Imeanuka." Neno moja tu, na sisi watoto tumeshatoka mbio, mchanga bado una maji, madafu yaliyoangushwa na upepo tunayagombania. Tangu nije huku sijamsikia mtu akisema mvua imeanuka.

Na hili ninapokaa ni Kariokor, nilikoolewa ni Kariakoo, yote mawili ni Carrier Corps, wapagazi wa vita vile vya kwanza. Wazee wetu walilisikia neno la jeshi la Mwingereza wakalifanya la kwao, tukazalia watoto humo.

Kutoka: Hamisi, Eastleigh

Bi Mwanaidi, shikamoo. Umenikumbusha mama.

Kutoka: Mama Salma, South B

Nimewasoma wote, Mungu awalipe. Nimechapisha TCC, risiti, P9 na nakala ya pasipoti, nimetia kwenye bahasha moja. Kesho saa moja nitakuwa mlangoni. Bado sijui dirisha gani. Kuna anayeweza kunisindikiza?

Kutoka: Bi Mwanaidi, Kariokor

Nipo, mwanangu. Nitashuka Kencom saa kumi na mbili na nusu. Vaa sweta.