Mita 60 za ufukwe wa Dar zinaanzia wapi? Wenye fani mtujibu

Wakuu, tuache porojo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto. Hata dalali wa Kunduchi anaijua. Mbona basi kuta zinapigwa na mawimbi na karatasi zote ziko sawa?

Mchezo wote uko pale sifuri ya tepu inaposhikwa. Dar, tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) hupita mita 3. Chukua ufukwe wenye mteremko wa 1 kwa 30: kimo cha mita 3 ni mita 90 za mchanga. Mpima akianzia ukingo wa maji yaliyokupwa, mita 60 zake zinaisha zikiwa zimebaki mita 30 ambazo bamvua inazifunika. Kiwanja kimefuata sheria, bikoni (mawe ya mipaka) zinaogelea!

Mstari wa bamvua uchorwe kwenye TP (mchoro wa mipango miji), na koordineti zake, kabla kiwanja chochote hakijapimwa. Sio baada ya hati kutoka.

Uchochoro wa pili ni hilo neno "kudumu". Linaanza banda la makuti lenye kibali cha muda. Inafuata sakafu ya zege (eti kuzuia vumbi), kisha choo na shimo lake, kisha uzio, mwisho ombi la kubadili matumizi. Hapo mchoro ndio unaolifuata jengo. Maeneo ya wazi ya mitaani yanaliwa vivyo hivyo: uwanja wa mpira, pa kuoshea magari, fremu za maduka.

Na ukuta haulindi ufukwe, wahandisi mnalijua hili. Wimbi likigonga ukuta wima linarudi na nguvu zake, linachimba mchanga chini, msingi unabaki unaning'inia. Kwenye ncha za ukuta linamla jirani, naye anajenga wake. Huku nyuma mchanga unachimbwa kwenye mito ya Tegeta na Mbezi, ile ile inayoulisha ufukwe.

Mikoko ndiyo inayoniudhi zaidi. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, unapumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope. Ukimwaga kifusi juu yake mti unakosa hewa, unakufa umesimama. Msimu ukipita mwombaji anapiga picha: "hapa hakuna mikoko". Wakati Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 7, imeyataja maeneo ya mikoko miongoni mwa ardhi hatarishi. Anayeenda kukagua atazame visiki na tope lililo chini ya kifusi, si majani.

Unayetaka kununua, usiridhike na nakala ya hati. Omba namba ya TP, nenda nayo ofisi ya mipango miji, uone mchoro wa kwanza pamoja na marekebisho yake yote. Kisha nenda kiwanjani siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, majira ya saa 10 alasiri, maji yakiwa yamejaa. Pima kutoka pale mwani na takataka zinapoishia.

Ukipata pungufu ya 60, weka namba ya TP hapa chini. Jina la mwenye nyumba hatulitaki, namba ya TP tu.